Kusoma Juu ya Nailoni

Mwalimu Mwanakheri Lupogo hakuwa na macho yanayoona, hakuwa na gari, hakuwa na mume, hakuwa na kiwanja wala mjomba wizarani. Hakuwa na kadi ya chama. Hakuwa na miwani myeusi, ile ambayo sisi wananchi hupenda kumwona nayo mtu asiyeona ili tujue tuanzie wapi kumhurumia. Hakuwa na sauti ya kubembeleza. Hakuwa na picha hata moja inayomwonyesha akipeana mkono na mheshimiwa yeyote, na kwa sababu hiyo, ukimtafuta katika kumbukumbu za nchi yetu kabla ya mwaka ninaousimulia, humkuti.

Alichokuwa nacho ni vidole, na darasa la wanafunzi wasioona katika Shule ya Sekondari ya Mtondoo. Aliwafundisha kusoma kwa kupapasa nukta nundu, yale maandishi ya vitone vilivyoinuka juu ya karatasi nene. Wanafunzi wake walisoma upesi. Wengine walisoma wakiwa wamelala, kitabu kikiwa chini ya shuka, na hakuna mlezi wa bweni aliyeweza kuwakamata kwa kuzima taa.

Nchi yetu ni nchi ya mfano. Sijui ni mfano wa nini, lakini mabango yote yanasema hivyo.

Mwaka huo Serikali ilipiga marufuku karatasi. Waraka wa kupiga marufuku karatasi ulichapishwa kwenye karatasi nzuri, ukabandikwa kwenye kila nguzo, na nakala zilizobaki wauza karanga wakazifungia karanga. Ulisema kwamba shughuli zote za umma, pamoja na mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, sasa zitafanyika kwa kompyuta kupitia Mfumo. Mfumo ni kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona, ila ndicho chenye makosa yote. Ukikosa cheti cha kuzaliwa, ni Mfumo. Ukipata cheti kinachosema ulizaliwa kesho, ni Mfumo pia, na huwezi kuugombeza.

Kwa hiyo mtihani wa nukta nundu ukafutwa. Mwalimu Mwanakheri alivaa viatu vyake vya safari akaenda makao makuu ya wilaya kuwasajili wanafunzi wake katika Mfumo. Karani alimpokea kwa heshima zote, akamkalisha mbele ya kompyuta.

"Mama, Mfumo unataka kwanza uthibitishe kwamba wewe si roboti."

"Nathibitishaje?"

"Hapo pana picha. Bofya zote zenye daraja."

"Mwanangu, mimi sioni."

"Aa, pole sana, mama. Ngoja nikubadilishie." Karani akabonyeza kitu. "Haya. Sasa bofya zenye pundamilia."

"Si huwa kuna njia ya kusikiliza kwa sauti?"

"Ilikuwepo. Tuliizima. Ilikuwa inatupigia kelele kazini."

"Basi nibofyee wewe."

"Siwezi, mama. Nikibofya mimi, nitakuwa nimethibitisha kwamba mimi ndiye nisiyekuwa roboti. Na kwa hilo sijapewa kibali."

Mwalimu alirudi shuleni na ujumbe wa Mfumo uliosema: *Ubinadamu wa mwombaji haujathibitishwa. Jaribu tena.*

Lakini Serikali yetu ni sikivu. Marafiki wa ng'ambo waliposikia habari hizo walituletea vibao vya nukta nundu. Nimevichunguza vizuri, kwa kuwa napenda kujua kitu kabla sijakisimulia. Kibao ni chembamba kama kisanduku cha domino, huunganishwa na kompyuta, na juu yake pana mstari wa pini ndogo ndogo. Maneno yakitokea kwenye kompyuta, pini zinapanda na kushuka zikiunda nukta nundu, na msomaji anapitisha vidole. Mstari ukiisha, pini zinajipanga upya kuwa mstari unaofuata. Kwa kibao hicho mwanafunzi asiyeona anasoma swali lake mwenyewe na kuandika jibu lake mwenyewe, bila kusomewa na mtu anayeruka maneno magumu.

Idara ya Mitihani ikatangaza kwamba wanafunzi wa Mtondoo watasajiliwa moja kwa moja na mtihani watafanya, mradi vibao viwe vimezinduliwa rasmi. Bila vibao, wangehesabiwa kuwa wametoroka mtihani.

Hapa sina budi kumweleza msomaji mgeni. Nchi yetu imejengwa juu ya mambo mawili, uzinduzi na nailoni.

Kwetu kitu hakitumiki kabla hakijazinduliwa na mgeni rasmi. Ndiyo maana Wizara ya Uzinduzi ni kubwa kuliko ya afya na ya maji zikiwekwa pamoja. Katika kata yetu kuna kisima kizuri cha pampu kilichozungushiwa utepe, na akina mama huchota maji kwenye dimbwi lililo pembeni yake, wakijihadhari wasiuguse utepe. Na kitu kikishazinduliwa hakivuliwi nailoni kiliyokuja nayo, maana kikivuliwa kitazeeka. Vitanda vya hospitali yetu vyote viko ndani ya nailoni, na mgonjwa akijigeuza vibaya huteleza mpaka kitanda cha jirani. Hata nyumbani kwangu rimoti ya televisheni imo ndani ya nailoni yake. Betri zilikwisha zamani, nasi tunaogopa kuichana.

Vibao vya Mtondoo vilikuja vikiwa vimebanwa kwa nailoni ngumu juu ya pini, ili visikwaruzwe njiani.

Mazoezi ya uzinduzi yalifanyika katika ukumbi wa wilaya. Aliyeyasimamia ni Bwana Gervasi Tindwa, Afisa Itifaki Mkuu wa Wizara ya Uzinduzi, mtu mnene, mnadhifu, ambaye hata kukohoa alikohoa kwa kufuata cheo cha waliokuwepo. Mwalimu Mwanakheri alipangiwa kusoma maneno ya makaribisho kwa kutumia kibao, mbele ya Waziri na wageni wa ng'ambo. Alikaa, akaweka vidole, akaviondoa.

"Bwana Tindwa, hapa pana nailoni."

"Ndiyo, mwalimu. Safi kabisa, haina hata mkunjo."

"Pini nazisikia zinavyogonga kwa chini, lakini hazinifikii. Naomba nailoni iondolewe."

"Iondolewe!" Bwana Tindwa aliangalia huku na huku kama aliyesikia tusi msibani. "Dada yangu, unajua unachokisema? Mgeni rasmi akikuta kitu hakina nailoni, atajuaje kwamba hakijatumika? Unataka Mheshimiwa azindue mtumba?"

"Nataka nisome."

"Nani amekukataza kusoma? Soma! Mimi mwenyewe nasoma mabango kupitia kioo cha gari, tena gari likiwa linakwenda."

"Wewe unasoma kwa macho, kaka. Kioo kinapitisha."

"Na nailoni inapitisha. Mimi hapa naziona pini zote, moja moja."

Bwana Tindwa akavuta kiti, akaongea kwa sauti ya chini, sauti ambayo watu wa itifaki huitumia pale wanapoacha itifaki.

"Sikiliza, mwalimu. Kwa usalama tu, nitakusomea maneno utakayoyasoma. Yashike kichwani. Siku hiyo vidole vikikwama, kichwa kiendelee."

"Huko si kusoma."

"Ni kusoma kwa maandalizi. Maana ukisimama mbele ya wageni ukasema huoni kitu..."

"Sioni tangu kuzaliwa."

"...ukasema *husikii* kitu, Mheshimiwa ataaibika. Mheshimiwa akiaibika, vibao vinarudi bandarini jioni hiyohiyo. Mtihani ni mwezi ujao. Wanao watafanyia nini? Miujiza? Haya, amua wewe."

Mwalimu aliamua. Alijiambia kwamba ni uongo wa dakika moja. Vibao vikishafika darasani atavibandua nailoni kwa kucha zake mwenyewe, na mambo yatakwisha. Akayashika maneno.

Siku ya uzinduzi tulikusanywa mapema. Kila mmoja alipewa kibendera na soda, na aliyekunywa soda kabla ya wimbo wa taifa alinyang'anywa kibendera. Wanafunzi wa Mtondoo walikaa kando ya jukwaa, sare zao zimepigwa pasi. Waziri wa Uzinduzi, Mheshimiwa Kinyemi Ndaro, alifika jua likiwa limetuivisha vizuri.

"Ndugu wananchi," akasema, "leo giza limekwisha! Kuanzia saa hii, asiyeona ataona, na anayeona ataona mara mbili! Wapo wanaouliza, Serikali imefanya nini kwa wasioona. Mimi nawajibu: wafungue macho!"

Tukapiga makofi. Utepe ukakatwa. Mwalimu Mwanakheri akaongozwa mpaka mezani, akaweka vidole juu ya nailoni, akaanza kuvipitisha kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu, kama mtu anayesoma.

"Karibu Mheshimiwa Waziri," akasema. "Chini ya uongozi wako mahiri, hata vidole vyetu vimepata macho."

Sisi tuliokaa mstari wa mbele tuliona vizuri sana. Kibao hakikuwa kimewashwa. Waya wake ulikuwa umekunjwa mezani pembeni yake, nao ukiwa ndani ya nailoni yake ndogo, umefungwa kwa uzi. Tuliuona wote. Jirani yangu aliuona, akaniangalia, nami nikamwangalia, kisha tukapiga makofi. Waliopiga kwa nguvu zaidi ya wote ni wanafunzi wake, kwa kuwa wao hawakuwa wameuona waya. Walikuwa wamemsikia mwalimu wao akisoma.

"Amesoma!" Waziri akapaza sauti, machozi yakimlenga. "Tena juu ya nailoni! Hebu arudie!"

Akarudia, neno kwa neno. Hakukosea hata mahali pa kuvuta pumzi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, yaani yalipofanikiwa. Wiki iliyofuata Serikali ilitoa taarifa kwamba imethibitika kisayansi, mbele ya mashahidi wa ndani na nje, kuwa nailoni haizuii usomaji wa nukta nundu. Kwa kuwa haizuii, na kwa kuwa inatunza mali ya umma, basi ni sehemu ya kibao. Kingo za kila nailoni zikagandishwa kwa gundi na stika yenye nembo ya taifa. Atakayeibandua atakuwa ameharibu mali ya umma, na mtihani wake utafutwa. Kiwanda kilichotengeneza vibao kiliandika kwa adabu kuuliza kama tumekumbuka kutoa kifuniko cha safari. Wizara ikajibu kwamba inashukuru kwa ushauri, na inapenda kukijulisha kiwanda kuwa vidole vya wananchi wetu ni imara kuliko vya kwingineko.

Mwalimu Mwanakheri akapewa cheo cha Kidole cha Taifa, pamoja na nishani. Nishani nayo ilikuwa ndani ya nailoni, hata hakuweza kujua imechongwa nini.

Vibao vikafika Mtondoo. Safari hii nyaya zilichomekwa, na kompyuta zikawashwa. Wanafunzi wakakaa, wakanyoosha vidole, darasa likawa kimya.

"Mimi bado sijaanza," akasema mmoja.

"Mimi nimeanza," akasema mwingine, na hakuendelea.

"Nyie vidole vyenu vya kumegea ugali tu," akasema wa tatu, jina lake Mbonea, aliyependa kujifanya amefika kabla ya wenzake. "Msome kwa utulivu, kama mwalimu."

"Haya, soma wewe tusikie!"

"Mimi nasoma kimoyomoyo."

Wakacheka kidogo. Kisha msichana mmoja aliyeitwa Sifuni, ambaye ndiye aliyekuwa akisoma upesi kuliko wote kwenye karatasi, akasema, "Mwalimu, mimi sisikii kitu. Ni laini tu, kama kioo. Wewe ulifanyaje?"

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake. Hapo angeweza kusema. Lakini mlangoni alisimama mkaguzi wa stika, aliyetumwa kuhakikisha hakuna ukingo uliochezewa, na alikuwa anaandika. Mwalimu akasema, "Endeleeni kujaribu."

Neno hilo wanafunzi walilitii. Walijaribu kabla ya kifungua kinywa na baada ya vipindi. Walibonyeza kwa nguvu, wakabonyeza kwa upole, wakajaribu kwa kidole kidogo, na wapo waliojaribu kwa ncha ya ulimi wakapigwa marufuku. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba kibao kina kasoro. Kingekuwaje na kasoro, na mwalimu alikisoma mbele ya Waziri? Kila mmoja alifikia uamuzi wake, kimya kimya, kwamba kasoro anayo yeye. Mbonea, aliyekuwa na maneno mengi, akaacha kusema chochote. Wawili waliwaandikia wazazi wao waje wawachukue, kwa kuwa wamegundua kwamba shule si yao.

Mwalimu alisafiri mpaka wizarani. Bwana Tindwa alimpokea kwa kusimama, kama inavyompasa mtu aliyetembelewa na Kidole cha Taifa.

"Bwana Tindwa, sikusoma siku ile. Wewe unajua."

"Mimi? Mimi niliona unasoma."

"Ulinisomea wewe maneno."

"Nilikusomea mazoezini. Siku yenyewe ulisoma mwenyewe, tena mara mbili. Kuna picha, kuna video, kuna wimbo umetungwa." Akashusha sauti. "Mwalimu, fikiria vizuri. Kama hukusoma, basi Mheshimiwa alizindua nini? Na sisi wote tulipiga makofi ya nini?"

"Watoto wanadhani vidole vyao vimekufa."

"Watazoea." Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayemwambia mwenzake kuhusu viatu vipya. "Wewe nenda kapumzike. Ukianza kusema ulidanganya mbele ya bendera, atakayeaibika si Mheshimiwa. Waheshimiwa hawaaibiki, utaratibu hauruhusu. Utaaibika wewe, na mbele ya hao hao watoto."

Nasikitika kusema kwamba maneno hayo yalimwingia. Alirudi Mtondoo akiwa ameinamisha kichwa, na kwa siku kadhaa alifundisha historia tu, kwa mdomo, vibao vikiwa pembeni.

Asubuhi moja aliingia darasani akasahihisha kazi za kawaida, zile za karatasi nene. Ya Sifuni ilikuwa na makosa kila mstari. Mwalimu akamwita.

"Hapa umeandika kama mtoto wa darasa la kwanza. Una nini?"

"Hamna kitu, mwalimu."

"Nipe mkono."

Sifuni hakuutoa. Mwalimu akautafuta mwenyewe, akaushika, akavigusa vidole. Ncha zake zilikuwa zimechubuka, nyingine zina malengelenge, nyingine zina utandu wa damu iliyokauka.

"Umefanya nini?"

"Nilivisugua."

"Kwa nini?"

"Kwenye sakafu ya bafuni, pale penye kokoto," akasema Sifuni, kana kwamba ameulizwa ni wapi. "Nilidhani vimekuwa butu. Nilitaka viwe kama vyako."

Mwalimu Mwanakheri alibaki ameushika mkono ule. Kisha akawaambia wote waache walichokuwa wanafanya.

"Siku ile sikusoma," akasema. "Kibao kilikuwa na nailoni kama hivi vyenu. Sikusikia kitu chochote. Maneno niliambiwa mapema, nikayakariri. Nilidanganya, na nilipowaona mnahangaika niliwaacha mhangaike, kwa sababu niliona haya. Hakuna mtu yeyote duniani anayeweza kusoma juu ya nailoni hii."

Nimeambiwa kwamba alisimama hapo muda mrefu akisubiri walau mmoja amkasirikie.

"Kwa hiyo," akasema Sifuni, "vidole vyangu havina kitu?"

"Havina kitu. Vilikuwa vizima."

Sifuni akainamia meza akalia, na Mbonea, kwa mara ya kwanza tangu vibao vije, akasema kwa sauti kubwa, "Nilijua! Nilikuwa nakisoma kimoyomoyo na hakikuwa kinasema kitu!" Wakacheka, mwalimu hakuweza.

Siku hiyohiyo aliketi ofisini kwa mkuu wa shule, akachukua karatasi nene iliyosalia na kalamu ya kutobolea, akaandika barua kwa nukta nundu, kitone baada ya kitone, kwa kufuata taratibu zote za barua za kiofisi:

*Kwa Mheshimiwa Waziri wa Uzinduzi.*

*YAH: KUKANUSHA USOMAJI WANGU*

*Husika na kichwa cha barua hapo juu. Siku ya uzinduzi sikusoma. Nilikariri. Nailoni inazuia kila kitu. Naomba iondolewe kabla ya mtihani, na nishani yangu nairudisha pamoja na cheo. Adhabu ni yangu. Wanafunzi hawakujua.*

*Wako katika ujenzi wa taifa,*
*Mwanakheri Lupogo.*

Mkuu wa shule, mtu mwoga lakini si mbaya, aliigeuza karatasi huku na huku.

"Mwalimu, kule wizarani hakuna hata mmoja anayejua kusoma hii. Ungeniambia nikuchapie kwa maandishi ya kawaida."

"Ukiichapa wataisoma wenyewe, na wataificha wenyewe," akasema. "Hii watalazimika kutafuta mtu wa kuwasomea. Wataleta mtoto mmoja wa Mtondoo, wamkalishe mezani kwao, wamwone akisoma kwa vidole vitupu. Na atakachokisoma watakisikia wote waliomo ndani."

"Na atakuwa amesoma aibu yako."

"Ndiyo. Kwa sauti."

Mkuu wa shule akamtafutia bahasha. Mwalimu akaikunja barua kwa uangalifu pasipo na vitone, akaweka nishani, akalamba gundi, akaibana bahasha kwa kiganja mpaka ikashika. Posta ni hatua chache kutoka getini. Alikwenda peke yake, akanunua stempu, akapapasa ukuta mpaka akapata mdomo wa sanduku, akaisukuma bahasha ndani, na hakuondoka hadi alipoisikia ikianguka.